Vichezeo vya Siakago Katika Kabati la Mandazi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipanguse vitabu vyote na nisisome hata kimoja. Aliyeniambia hivyo alikuwa Afisa wa Ustawi wa Meru, Mzungu mrefu aliyezoea kuinama kila alipopita mlangoni, hata mlango uwe mrefu kuliko yeye. Maktaba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa ustawi, upande wa soko la Gakoromone, na siku za soko harufu ya ndizi mbivu na viazi vyenye udongo iliingia dirishani ikakaa juu ya vitabu. Nilikuwa msichana wa misheni, binti wa mkulima, nimevaa viatu vya kuazima. Nilijiuliza, kama anayevishika hatakiwi kuvisoma, vitabu hivi vimewekewa nani? Lakini sikuuliza. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni na kila aliyekula kiapo chao, na mtu aliyeuliza sana aliulizwa zaidi.

Vijana mnaofanya kazi hii leo mna mashine za kutafuta kitabu. Sisi tulikuwa na mikono. Kila kitabu kilibandikwa lebo mgongoni, yaani ule upande mwembamba unaoonekana kikiwa rafuni, na lebo ile ilikuwa na nambari ya kukuonyesha mahali pake. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye kadi. Mtu akiazima, kadi ilibaki kwetu na yeye akaondoka na kitabu. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano, na panya waliipenda kuliko wasomaji walivyopenda vitabu.

Nilipokwisha kuizoea kazi hiyo, Afisa wa Ustawi aliniita. "Karimi, utakwenda Embu," akasema.

"Nimekosa nini, bwana?"

"Hujakosa. Umefanya vizuri."

Sikuelewa kwa nini aliyefanya vizuri aondolewe. Baba naye hakuelewa. Alinisindikiza hadi stendi ya basi akiwa ameshika pasi yangu kwa mikono miwili, kwa sababu bila karatasi ile Mmeru hakuruhusiwa kufika Embu, wala Mwembu kufika Meru, ingawa mlima tunaoutazama ni mmoja.

Huko Embu nilimkuta Bibi Mkutubi. Mkutubi ni mtu aliyesomea kuendesha maktaba. Mimi nilikuwa msaidizi tu. Alikuwa mama mdogo wa mwili, Mzungu, mjane, na Kiswahili chake alikipata vitabuni, Kiswahili cha pwani kilichonyooka kuliko chetu sote. Sisi tulikuwa tunasema "ile kitabu" na kuelewana. Yeye akisema "tafadhali kitwae kitabu kile ukirejeshe ubaoni," tulitazamana, tukaitikia "ndiyo, Bibi," kisha tukaenda kutafuta ubao, kumbe alimaanisha rafu.

Alinipa chumba cha watoto. Hapo ndipo nilipokutana na vijitabu vya Mwalimu Ireri.

Mwalimu Ireri alifundisha shule moja pale Embu, lakini kwao ni Siakago, kule chini kwenye jua. Alikuwa ameandika vijitabu vitatu vyembamba vya Kiswahili chepesi, vikachapwa Nairobi. Kimoja kilimhusu Kanga aliyeogopa majani marefu. Kingine kilimhusu Punda aliyetaka kulala kitandani. Cha tatu kilimhusu Kobe aliyepoteza mlango wa nyumba yake akabaki amejifungia nje. Watoto walivisoma mpaka herufi zikafutika pembeni, pale wanaposhika kwa vidole. Kila wiki nilivishona upya kwa uzi wa gunia.

Siku moja Mwalimu, alipokuja kurudisha vitabu vya darasa lake, alimwambia Bibi kwamba Kanga, Punda na Kobe hawakutoka kichwani mwake. Walikuwa vichezeo vya kwao nyumbani, alivyotengeneza mama yake, na bado vipo. Bibi aliruka kitini kama aliyeumwa na siafu.

"Kwetu," Bibi akaniambia baada ya Mwalimu kuondoka, "iko maktaba ambamo vichezeo vya mtoto mmoja vimewekwa nyuma ya kioo, kwa sababu babaye alivitungia hadithi. Watu husafiri mbali kuvitazama. Nasi tutafanya vivyo hivyo."

"Watasafiri kutoka wapi, Bibi?" nikauliza. Mtu hakuweza kwenda hata kwa shangazi yake bila pasi.

"Watakuja," akasema. "Wewe nenda kavilete."

Nilishuka Siakago kwenye lori la serikali lililopeleka mahindi. Mama yake Mwalimu alikuwa mwanamke mkavu, mwenye macho ya kucheka, akiishi kwenye boma la mawe na miiba. Kimbeere chake, lugha ya huko, na Kimeru changu ni kama watoto wa mama wadogo: wanafanana, lakini kila mmoja ana tabia zake. Alinipa uji, akaingia ndani, akatoka na kikapu.

Kanga alikuwa kibuyu kidogo chenye shingo, amechomwa madoadoa kwa chuma cha moto. Ukimtikisa alilia, chakara chakara, kwa sababu ndani mlikuwa na kitu. Punda alikuwa mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kobe alikuwa wa udongo uliokaushwa juani, na mgongo wake ulikuwa umelainishwa na mikono mingi.

Nilimwuliza mama kama kweli vilikuwa vya mwanawe. Akaniambia kwa Kimbeere, "Ni cia Marigu."

Marigu, kwa Kimeru chetu, ni ndizi. Nikadhani anasema kwamba ni vitu vya ndizi. Nikavigeuza na kuvitazama tena. Hapakuwa na uzi hata mmoja wa mgomba, na sikuona mgomba wowote tangu tulipoacha barabara kuu. Labda, nilifikiri, wao huita vichezeo vyote hivyo. Nikamshukuru, nikapanda lori, nikavipakata mapajani mpaka Embu.

Sasa tukakosa kioo. Aliyetuokoa ni Mzee Salim, mchinjaji wa Kiislamu aliyekuwa pia na hoteli ya chai nyuma ya msikiti. Alituletea kabati la vioo alilokuwa akitilia mandazi. Tuliliosha kwa majivu na sabuni, lakini harufu ya mafuta haikutoka, na kwa miaka mingi watoto waliotazama vichezeo vile walimeza mate. Bibi aliandika kadi nzuri kwa wino mweusi: "Vichezeo vya utoto vya Mwalimu Ireri, mtungaji wa hadithi hizi." Siku ya kufungua iliwekwa.

Kabla haijafika, Mwalimu Ireri alichukuliwa.

Walimtoa darasani asubuhi mbele ya wanafunzi. Mtu fulani, hatukujua ni nani, alikuwa ametaja jina lake kwenye mchujo, ambapo watu waliofunikwa magunia kichwani walipitishiwa safu ya watu na kuonyesha kwa kidole. Akapelekwa kizuizini, mbali. Bibi alibaki amekaa na kadi mkononi, kisha akaniambia tufuatane naye kwa Bwana DO, afisa wa tarafa, aliyekuwa kijana mwenye masharubu ya manjano.

"Nivitoe vitabu vyake rafuni?" Bibi akauliza.

"Hapana," Bwana DO akasema. "Vitabu ni safi. Nimevisoma. Kanga yule ni mzuri sana."

"Na vichezeo?"

"Viwekeni. Vichezeo havijala kiapo."

"Na jina lake kwenye kadi?"

Hapo alifikiri. "Jina litoeni."

Tuliondoka. Nilikuwa nikijaribu kuelewa vipi mtu awe mbaya, na kila kilichotoka kichwani mwake kiwe kizuri. Bibi naye nadhani alikuwa anajaribu, kwa sababu alitembea akapita lango la maktaba, ikabidi nimwite. Jioni alikata kadi kwa mkasi. Ikabaki: "Vichezeo vya utoto."

Watoto walikuja. Hawakusafiri kutoka mbali, lakini walikuja wengi, wakapaka kioo pumzi zao. Waliuliza ni vya nani. Nilijibu, "Ni vya utoto." Wakaridhika.

Kisha akaja mwanamke mmoja. Alikuwa na tope hadi magotini na kitambaa cha kiraka kichwani. Nilimjua mara moja kuwa ni wa vile vijiji vipya vya juu, ambako watu walikusanywa ndani ya uzio, na wanawake kila asubuhi wakachimba handaki kubwa la kuutenga msitu na mashamba. Siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kuleta mtoto mchanga zahanati. Alisimama mbele ya kabati kwa muda, halafu akacheka.

"Punda mmemwelekeza matako kwa watu," akasema.

Nikatazama. Kwa kweli mabua yale hayakuwa na uso wazi. "Mama, unamjua?"

"Nimjue? Huyu nimelala naye. Kanga ni wangu, Kobe ni wangu. Ireri alikuwa anachunga mbuzi, hakuwa na wakati wa kucheza."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Marigu. Dada yake. Nimeolewa huku juu."

Nilikaa kwenye kiti cha watoto, kile kifupi, magoti yakanifika kidevuni. Mama wa Siakago alikuwa ameniambia waziwazi, nami nikatafuta migomba.

"Na hadithi?" nikauliza.

"Hadithi gani? Nilikuwa nasema tu, jioni akirudi na mbuzi, ili asilale kabla uji haujaiva." Kisha akawageukia watoto waliokuwa wamemzunguka. "Nani anajua Kanga alienda wapi baada ya kuogopa majani?"

"Alirudi kwa mamake!" wakajibu. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema.

"Nani amewaambia? Hakurudi. Alikaa kwenye majani mpaka akaona kumbe na majani yanamwogopa."

Mtoto mmoja alikimbia akaleta kitabu amsomee penye ukweli. Marigu hakujua kusoma. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Huyo ni Ireri. Siku zote anataka mtu arudi nyumbani."

Alikuja tena, na tena, kila alipopata ruhusa ya zahanati. Mimi nilimfungulia kabati, akamtoa Kanga, akamtikisa, na watoto wakanyamaza. Sikujua kama ninavunja kanuni. Kanuni za maktaba zilisema kelele haziruhusiwi, lakini hazikusema chochote kuhusu kibuyu.

Ndipo askari mmoja wa ulinzi wa kijiji akaenda kusema kwamba mwanamke wa handaki anakusanya watoto mjini na kuwatikisia kibuyu chenye kitu ndani.

Bwana DO alifika na askari wawili mchana wa soko, Marigu akiwa katikati ya hadithi. Watoto waliganda. Bwana DO alimchukua Kanga mkononi mwake, akamtikisa karibu na sikio.

"Humu mna nini?"

"Sauti yake," Marigu akasema.

Askari mmoja akatafsiri kwamba amekataa kujibu.

"Hiki ni kitu cha kiapo? Ni risasi?"

"Bwana, ulisema havijala kiapo," nikasema. Sijui sauti ile nilitoa wapi. Bwana DO alinitazama kama aliyekuwa amesahau kwamba niliwahi kuwepo. Akamweka Kanga juu ya meza ya kusomea, akampiga kwa kitako cha bastola.

Zilitoka mbegu nyekundu, zile za mti wa muuti ambazo wasichana hutungia shanga. Zilitapakaa mezani, zikadondoka, zikakimbilia chini ya rafu. Mtoto mmoja alianza kulia, na mtoto wa mgongoni mwa Marigu akamfuata.

Bwana DO alisimama akizitazama. Uso wake ulikuwa mwekundu, naye nadhani hakuelewa amefikaje pale, mbele ya watoto, na bastola juu ya kibuyu. Mtu aliyetahayari mbele ya askari wake hutafuta wa kumwangushia lawama. Akauliza kwa sauti kubwa, "Vitu hivi ni vya nani?"

Ndugu msomaji, swali lile lilikuwa shimo. Nikisema ni vya Ireri, basi maktaba inatunza mali ya mtu wa kizuizini. Nikisema ni vya Marigu, askari wako tayari, na mtoto wake mgongoni. Na ukweli wenyewe sikuujua.

Marigu akaanza kuinua mkono. "Ni vya..."

"Ni vya maktaba," Bibi Mkutubi akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai. Akaja polepole mpaka mezani. "Vimeingizwa, vina nambari, ni mali ya maktaba. Nawe umevunja mali ya maktaba. Huyu mama nimemwalika mimi awasomee watoto."

"Hajui kusoma!"

"Ndiyo maana sikumpa kitabu."

Nilidhani sote tutafungwa, hata yeye. Bwana DO aliweka bastola mahali pake, akatoka, na askari wakamfuata. Kesho yake ilikuja amri kwamba kabati lifungwe, na Marigu asipewe tena ruhusa ya mjini ila kwa barua ya daktari. Lakini hakuchukuliwa. Aliendelea kuchimba handaki, akabaki hai. Siku zile hiyo ilikuwa habari njema.

Kuhusu kabati, sikiliza mambo. Tulivitia vichezeo kwenye sanduku. Halafu mkubwa mmoja kutoka Nairobi akatangaza ziara, na amri ikaja kwamba tumwonyeshe kazi za mikono za wenyeji. Tukavitoa. Alipoondoka, tukaambiwa tuvirudishe. Kisha mkaguzi wa elimu akauliza mbona kabati lipo tupu, tukavitoa tena. Nilimgandisha Kanga kwa gundi yetu ya unga, nikamfunga uzi. Bibi aliitwa kwao kabla mambo hayajatulia. Aliniachia funguo na neno moja, "Usivisogeze tena, hata wakikuamuru." Aliyemrithi hakuniamuru lolote, kwa sababu hakuingia chumba cha watoto hata mara moja.

Hali ya Hatari ilipokwisha, Mwalimu Ireri alirudi. Alikuwa amekonda, sikio moja halisikii, na alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie. Marigu alikuwa amemsindikiza. Niliwaza, leo wataparurana. Mmoja alikuwa na jina kwenye jalada, mwenzake alikuwa na hadithi. Niliandaa hata maneno ya kuwapatanisha.

Ireri alimtoa Kanga, akamtikisa upande wa sikio lake zima.

"Mbona halii?"

"Walimpasua," Marigu akasema. "Walikuwa wanatafuta risasi."

Watoto wawili watatu waliokuwa mle walikuwa wamekaribia. Ireri akawaambia, "Hizi hadithi si zangu. Ni za huyu dada yangu. Mimi niliandika tu."

Nikangojea Marigu aitikie. Badala yake alikasirika kweli, akashika kiuno. "Usinibebeshe! Mimi nilikuwa naropoka ili usilale. Kesho yake nilikuwa nimesahau. Nani alizikumbuka? Nani alizipa mwisho?"

"Mwisho wenyewe huupendi."

"Siupendi. Lakini ni wako."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake kama watu wanaokataa kipande cha mwisho cha nyama sahanini. Nilikuwa na kadi mpya na kalamu, nimechovya wino, nikingojea nijue niandike jina gani. Wino ukakauka. Mwishowe niliandika: "Vilichezewa na watoto wa nyumba moja, Siakago." Ireri akaisoma kwa sauti ili dadake asikie. Hakuna aliyeipinga.

Baada ya hapo nilihamishwa mara kadhaa. Nilirudi Meru nikiwa msimamizi wa chumba, baadaye nikawa mkuu wa maktaba nzima, nikiwa chini ya maofisa wa rangi yangu ambao pia walitoa amri nisizozielewa, ingawa kwa lugha niliyoielewa. Nilifundisha wasaidizi wengi. Niliwaambia siku yao ya kwanza wasome kitabu chochote watakachokipangusa. Wachache walifanya hivyo.

Watu huniuliza nilijifunza nini katika miaka ile. Natamani ningekuwa na jibu la heshima. Nilifanya kazi ya kuweka kila kitu mahali pake na jina lake mgongoni, katika miaka ambayo hakuna mtu aliyejua mahali pake, na jina lako likitajwa lilikuwa hatari. Mpaka leo sijui nani alimtaja Mwalimu Ireri, wala kwa nini Bwana DO aliyempenda Kanga ndiye aliyempasua. Labda hata yeye alizeeka akijiuliza.

Nilipostaafu niliamua nishuke Siakago nikawasalimu. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Marigu, mjane sasa, alikuwa amerudi kwao, na yeye na kaka yake walikuwa wakiishi boma moja, wazee wote wawili, wakigombana kuhusu mbuzi. Baada ya uji nikaona aibu imeniisha, nikauliza lililonisumbua miaka yote. Nikasema, "Dada Marigu, sasa hakuna afisa hapa. Niambie mimi peke yangu. Zile hadithi, mwenyewe hasa ni nani?"

Alinitazama kwa huruma. "Karimi, ng'ombe wawili wakifungwa nira moja, jioni utakwenda kumwuliza nani aliyelima shamba?"

Nikacheka, nikakubali kwamba nimejibiwa.

Kaka yake alikuwa amekaa mlangoni akisuka kamba, nasi tulidhani hasikii. Akasema bila kuinua kichwa, "Lakini mmoja alikuwa anavuta zaidi."

Tukangoja aseme yupi. Aliendelea kusuka.